Chuo kina ithibati: je, nami nitakuwa na leseni?

*Swali:* "Assalaam aleikum mwalimu. Nina miaka 24, naishi Kisauni, nafanya kazi ya kusuka na kucha katika saluni moja Bamburi. Mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, nilipata D+. Kuna chuo hapa mjini kinatangaza diploma ya masaji na utunzaji wa ngozi kwa miezi mitatu. Wanasema kina ithibati ya kimataifa, na nikimaliza nitakuwa na leseni ya kufanya kazi nchi yoyote. Wanataka amana kabla ya mwisho wa mwezi. Mwajiri wangu anasema leseni ni ile ya kaunti tu, mengine ni makaratasi. Binamu yangu aliye Dubai ananiambia kuna wakala anatafuta wasichana wa masaji. Shangazi yangu yuko Texas, naye anasema vyeti vya huku kule havisomwi. Na nyanya yangu ni mkandaji, amenifunza kukanda na kusinga maharusi, yaani kuwasugua mwili kwa manukato, tangu nikiwa mdogo. Hilo halihesabiki popote? Nimechanganyikiwa. Nani asema kweli?"

*Jibu:*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa. Wengi huniandikia wakati pesa zimeshatoka na kilichobaki mkononi ni karatasi yenye muhuri wa dhahabu ambayo hakuna hoteli inayoijali.

Nianze na lililo zito. Leseni ya kufanya masaji au kutunza ngozi "nchi yoyote" haipo duniani. Hakuna chuo, cha Mombasa wala cha London, kinachoweza kukupa. Kila nchi ina utaratibu wake, na Marekani kila jimbo lina wake. Kwa hivyo chuo hicho, hata kama kinafundisha vizuri, kimekuahidi kitu kisichokuwa chake kukitoa. Mwajiri wako na shangazi yako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana maneno yao yanakuchanganya.

Kenya yenyewe haina baraza la kisheria linalompa mkandaji wa spa au mtaalamu wa urembo leseni ya kibinafsi, kama ambavyo Baraza la Wauguzi humpa muuguzi. Wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, wana baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mtu asiyesajiliwa nalo hana ruhusa kujiita hivyo. Wewe ukimaliza masaji hutakuwa mtaalamu wa fiziotherapia, hata chuo kikiandika neno "tiba" kwenye cheti chako. Kumbuka hilo siku mteja atakapokuja na mgongo ulioteguka kwenye ajali ya bodaboda akuombe umnyooshe.

Sasa, kama leseni ya mtu binafsi hapa haipo, ni karatasi zipi zilizopo? Kuna za aina tatu, na kila moja ina mwenyewe. Ukijua karatasi ni ya nani, nusu ya wasiwasi wako itaondoka.

Ya kwanza ni ya chuo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka inayoitwa TVETA. Hiyo ndiyo inayosajili vyuo vya ufundi vya umma na vya binafsi, inayoidhinisha kozi zinazofundishwa humo, na inayowapa walimu leseni ya kufundisha. Wakaguzi hutazama majengo, vifaa, sifa za walimu na mtaala. Hapa kuna jambo ambalo vyuo vingi hupenda lipite kimyakimya: kusajiliwa kwa chuo ni kitu kimoja, kuidhinishwa kwa kozi ni kingine. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali kufundisha kompyuta na upishi, kisha mwaka huu kikaongeza masaji kwa sababu inalipa, bila ya kozi hiyo kukaguliwa na mtu. Bango la nje litasema "kimesajiliwa na TVETA" na halitakuwa limesema uongo. Kwa hivyo usiulize tu kama chuo kimesajiliwa. Uliza kama kozi yako, kwa jina lake na ngazi yake, imo katika idhini waliyopewa, na idhini hiyo inaisha lini. TVETA huweka orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kwenye tovuti yake, unaweza kuitazama kwa simu hata ukiwa ndani ya matatu.

Hata chuo kikiwa na ithibati kamili, yaani kimekaguliwa na kuidhinishwa, ithibati hiyo haikuhamii wewe siku ya mahafali. Chuo cha udereva kikisajiliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, mwanafunzi wake hapati leseni ya kuendesha gari kwa sababu hiyo. Lazima atahiniwe yeye mwenyewe, na mtu asiyekuwa mwalimu wake.

Karatasi ya pili ndiyo yako: cheti. Thamani yake inategemea nani aliyekutahini. Kwa hapa nchini wapo KNEC, yaani baraza la mitihani la taifa, wapo CDACC wanaosimamia mitaala ya umilisi kwa ngazi za 3 hadi 6, na wapo NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wenye mitihani ya ufundi ya Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza. Hawa wote ni watahini wa nje ya chuo. Kisha kuna cheti cha ndani, yaani chuo kinafundisha, chuo kinatahini, chuo kinatia muhuri. Cheti cha ndani si haramu, na kozi fupi za kuongeza ujuzi huwa nzuri kwa mtu mwenye msingi. Lakini usikubali kiwe ndicho cheti chako cha kwanza na cha pekee, maana kwa meneja wa spa hakimwambii lolote ila kwamba ulilipa karo.

Ya tatu ni ya mlango wa biashara. Hapa ndipo mwajiri wako anaposimama, na kwa upande wake hajakosea. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliwapa magatuzi kazi ya leseni za biashara, kwa hivyo saluni au spa inayofanya kazi Bamburi inahitaji kibali cha Kaunti ya Mombasa, pamoja na ukaguzi wa afya ya umma na wa usalama wa moto. Askari wa kaunti akiingia mlangoni, hicho ndicho anachokiuliza. Lakini kibali hicho ni cha yule mwenye biashara na pale mahali. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi. Ukishuka ferry Likoni ukashika njia ya Diani umeingia Kwale. Kibali cha Mombasa huko hakikufai kitu, utatafuta kingine. Cheti chako, kwa upande mwingine, kinavuka nawe. Mwajiri anayesema "mengine ni makaratasi" anaongea kama mwenye duka, na hana haja ya kufikiria utakavyoishi ukiondoka dukani kwake.

Nije kwenye "ithibati ya kimataifa", maana hapo ndipo unapotakiwa uwe macho. Kuna mashirika ya kweli ya kimataifa katika kazi hii. CIDESCO lilianzishwa 1946, na diploma yake inajulikana katika spa nyingi za dunia. CIBTAC na ITEC ya Uingereza nayo ni majina ambayo meneja wa hoteli ya pwani atayatambua. Chuo kilicho kituo halali cha mojawapo kitakuwa na namba ya kituo, jina lake litaonekana kwenye orodha ya shirika lenyewe, na mtahini atatoka nje ya chuo. Wewe utasajiliwa kwa jina lako kama mtahiniwa, mara nyingi kwa ada tofauti na karo. Hayo yote yanaweza kuthibitishwa kwa kuliandikia shirika barua pepe moja, bila kupitia chuo.

Lakini kuna aina nyingine. Uingereza haina leseni moja ya kitaifa ya masaji. Baadhi ya mitaa ya London ina masharti yake ya leseni kwa maduka, sehemu nyingine hakuna. Mahali pasipo na leseni, kinachomzuia mtu kufanya kazi ni bima: kampuni ya bima haitamkubali asiyekuwa na mafunzo. Ndipo yakazuka makampuni binafsi yanayoidhinisha kozi fupi ili wahitimu wapate bima kule. Kwa mtu anayeishi kule, hilo lina maana yake. Likiletwa Mombasa likabandikwa kwenye bango kama "ithibati ya kimataifa", linakuwa pambo, maana mwajiri wako wa Nyali hatafuti bima ya Uingereza. Na yako makampuni mabaya zaidi, ambayo humuuzia yeyote nembo bila hata kutembelea chuo. Uanachama nao si ithibati. Chuo kikisema "sisi ni wanachama wa" shirika fulani, maana yake wamelipa ada ya mwaka.

Sasa tutazame hiyo diploma ya miezi mitatu. Katika mfumo wetu wa kitaifa, diploma ni Ngazi ya 6, na kuingia kwa kawaida hutakiwa C- ya KCSE. Cheti cha Ngazi ya 5 hutaka D kamili. Wewe una D+, kwa hivyo mlango wako wa halali ni Ngazi ya 5, na si mlango mdogo, kwani ukifaulu hapo unaweza kupanda hadi ya 6 bila kurudia KCSE. Chuo kinachokupokea kwa diploma bila kuuliza alama zako, na kuimaliza kwa wiki kumi na mbili, hakizungumzii diploma ya Kenya. Huenda kinatumia neno hilo kwa namna ya mashirika ya nje, ambayo huita diploma hata kozi fupi, na hapo si lazima iwe ulaghai. Lakini siku utakapotaka kupandia hapo kwenda ngazi ya juu, au kuomba kazi inayotaka Ngazi ya 6, utaambiwa huna.

Kuna hesabu nyingine ya miezi hiyo mitatu, nayo ndiyo itakayokuonyesha maana ya maneno ya shangazi yako. Tuseme unasoma saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki kumi na mbili. Jumla ni saa 180, na humo mna masaji na ngozi pamoja. Texas, idara ya jimbo inayoitwa TDLR ndiyo inayotoa leseni za kazi zote mbili. Mkandaji anatakiwa awe na saa 500 za mafunzo, kisha apite mtihani uitwao MBLEx. Mtaalamu wa ngozi anatakiwa saa 750, kisha mitihani yake. New York wanataka saa 1,000 za masaji peke yake. Kwa hivyo shangazi amekaribia ukweli, ila si kwamba vyeti vya huku havisomwi. Husomwa, lakini msomaji wake hatafuti jina la chuo wala neno diploma. Anatafuta saa ngapi za anatomia, ngapi za usafi na uuaji wa vijidudu, ngapi za mazoezi juu ya mwili wa mtu. Chuo kisichoweza kuandika saa hizo kwenye barua yenye muhuri kimekufungia njia hiyo.

Usije pia ukadhani kwamba Marekani ithibati na leseni ni kitu kimoja. Huko nako yapo mashirika ya kuthibitisha vyuo, kama NACCAS kwa vyuo vya urembo na COMTA kwa vya masaji. Kazi yao kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba chuo chenye ithibati iliyotambuliwa kinaweza kumfungulia mikopo na misaada ya serikali kuu. Ithibati haimpi mtu leseni. Jimbo ndilo humpa, baada ya saa na mtihani. Hata leseni ya Texas haitoshi kumfanyia kazi New York mpaka New York ikubali.

Utaniuliza kwa nini wanang'ang'ania saa hivyo, ilhali nyanya yako hajakaa darasani hata siku moja na mikono yake inasifiwa Kisauni nzima. Nitakujibu kwa mfano wa kazi yenyewe, maana hili ndilo linaloniuma kuliko mambo yote ya vyeti.

Mgeni ameshuka Uwanja wa Ndege wa Moi asubuhi baada ya kukaa kwenye kiti usiku kucha. Mchana anakuja spa, anasema mguu mmoja unamuuma kwenye shavu la mguu, tangu jana umekaza, tafadhali umkande kwa nguvu. Mkandaji asiyefunzwa atafurahi, maana misuli iliyokaza ndiyo kazi yake. Aliyefunzwa atatazama kwanza. Je, ni mguu mmoja tu uliovimba? Una joto kuliko mwenzake? Umebadilika rangi? Mtu akikaa muda mrefu bila kusogea, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa mikubwa ya mguu. Pande hilo la damu likikandwa linaweza kung'oka, likapanda na damu hadi kwenye mapafu na kuziba, na mtu akafa. Mkandaji aliyefunzwa hamgusi mguu huo. Anampeleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mgeni amekasirika na anataka pesa zake. Kujua wakati wa kutokanda huchukua saa nyingi zaidi darasani kuliko kukanda kwenyewe. Hapo pia ndipo unapojifunza kuhusu mjamzito, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, mwenye homa, mwenye uvimbe asiojua ni wa nini.

Kwenye ngozi ni vivyo hivyo. Mteja wako wa Mombasa ni mtu mweusi au maji ya kunde, anaishi kwenye jua na joto la unyevu. Ngozi ya namna hii ikichomwa kidogo na dawa ya kuchubua, hujibu kwa kutia weusi, na doa hilo hukaa miezi. Vitabu vingi vya kozi za haraka vimeandikwa kwa ngozi nyeupe na havitakwambia hilo. Wako wateja wanaotumia mkorogo na hawatakubali kusema. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na ukipaka nta ya kunyolea juu yake unainyanyua ngozi pamoja na vinywele. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya, lakini makopo bado yanauzwa, kwa hivyo lazima ujue kuuliza na ujue kuitambua ngozi iliyokwisha kuharibiwa. Kuna choa na maambukizi mengine ya fangasi ambayo kwa jicho lisilozoea ni "ukavu tu", nawe ukihamisha taulo utakuwa umewagawia wateja wa siku nzima. Na kila kinachopenya ngozi, sindano ndogo za usoni, vijazo vya midomo, botoksi, si kazi ya cheti cha urembo. Sindano za dawa ni za daktari aliyesajiliwa. Chuo kikikuambia watakufunza kuchoma botoksi kwa siku mbili, toka humo.

Nyanya yako, je? Anahesabika, na nakuomba usimwache nyuma. Kusinga kwa liwa na singo, kujua uzito wa mkono juu ya mwanamke aliyetoka kujifungua, kujua mafuta ya nazi yapashwe kiasi gani, ni ujuzi ambao hoteli za ufuo wetu huuza kwa bei ya juu huku wengi wanaoutoa wakiwa wamejifunza kwa video. Mtihani wa ufundi wa NITA haumtaki mtu awe amepitia chuo. Aliyejifunza kazini anaweza kujisajili kama mtahiniwa binafsi, na mitihani hufanywa kwa misimu, Aprili, Agosti na Desemba. Pia nchi yetu sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA, ambapo mtu hukusanya ushahidi wa kazi yake akapimwa na mtathmini. Nenda ofisi ya NITA hapa Mombasa uwaeleze unachokijua. Waulize ni mtihani upi wa urembo unaokaribia zaidi kazi yako na unatakiwa ulete nini. Hutapewa cheti kwa sababu ya nyanya, lakini utaingia chumba cha mtihani ukiwa na mikono ambayo wenzako watahitaji mwaka kuipata. Kinachokupungukia ni anatomia na usafi wa vyombo, na hivyo husomeka. Ila kama nyanya huumika pia, yaani hijama ya kutoa damu, hilo lifanye kando. Ni kazi ya damu, ina hatari ya homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na haiingii ndani ya cheti cha masaji.

Hili la Dubai nitalisema bila kuzunguka. Kazi halali za spa ziko Ghuba, na nawajua wasichana wa hapa waliojenga nyumba kwa kazi hizo. Lakini neno "masaji" pia ndilo hutumiwa kuwavuta wasichana kwenye kazi ambayo hawakuikubali. Wakala wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, na orodha yao unaweza kuitazama mwenyewe. Kama jina la wakala wa binamu yako halimo, mazungumzo yameisha. Kama yumo, taka mkataba ulioandikwa jina la spa, mshahara, saa za kazi na kazi utakayofanya, kabla ya kutoa pasipoti. Usisafiri kwa viza ya matembezi ukiambiwa itabadilishwa ukifika. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ya 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri na kumzuilia hati zake, kwa hivyo akikwambia atakata mshahara wako wa miezi ya kwanza kwa ajili ya tiketi na viza, au ataweka pasipoti yako, unajua ameanza kwa kuvunja sheria. Spa ya kweli itauliza vyeti, na mara nyingi itataka vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi na ubalozini. Cheti cha ndani cha chuo kisichojulikana hukwama hapo. Wakala asiyeuliza cheti hata kimoja, akauliza picha zako za mwili mzima, hatafuti mkandaji.

Sasa njia zako, kwa jinsi nizionavyo. Kama una miezi kumi na miwili au zaidi na unaweza kuishi kwa kazi ya jioni au ya wikendi, Ngazi ya 5 katika chuo cha umma ndiyo ninayoipendelea kwako. Karo ni nafuu kuliko ya vyuo vingi vya binafsi, unaweza kuomba nafasi kupitia KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na mtahini ni wa nje. Ubaya wake ni kwamba kozi nyingi za umma huelemea nywele na urembo kwa jumla, na masaji hupata nafasi ndogo, uliza kabla. Njia ya pili ni Gredi ya Tatu ya NITA sasa hivi, ukiendelea na kazi ya Bamburi, kisha upande polepole. Ni nafuu na inakufaa wewe hasa, ila gredi hiyo peke yake haitakufikisha spa ya hoteli kubwa. Njia ya tatu ni chuo binafsi kilicho kituo halali cha CIDESCO, CIBTAC au mfano wake. Ni ghali na pengine utalazimika kukaa Nairobi, lakini kama nia yako ya kweli ni meli za watalii au Ghuba, ndiyo karatasi itakayosomwa haraka zaidi. Na Texas, kama ndiyo ndoto, kusoma huku kwa hesabu ya kule ni bahati nasibu. Mara nyingi wanaofika hulazimika kusoma saa za jimbo wakiwa huko. Shangazi na awaulize TDLR wanahesabu vipi saa za nje kabla wewe hujatumia shilingi moja kwa ajili hiyo.

Mimi ningeanza na NITA mwaka huu na kuomba Ngazi ya 5 kwa muhula ujao. Lakini wewe ndiye unayejua nani anakutegemea nyumbani.

Kuhusu amana: kiandikie chuo ujumbe, usipige simu, ili majibu yabaki. Waulize namba yao ya TVETA na kama kozi hii imo ndani yake. Mtahini wa nje ni nani na namba ya kituo. Jumla ya saa na mgawanyo wake. Jina la mwalimu wa masaji na leseni yake ya kufundisha. Na utaratibu wa kurudishiwa pesa. Chuo chenye kazi safi hujibu siku hiyo hiyo, kwa sababu majibu yako ukutani mwao. Ukipata majibu, yapeleke ana kwa ana kwa NITA au uyathibitishe na TVETA. Ikiwa umeshatoa pesa yoyote na wanakataa kurudisha, beba risiti uende kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria, maana mambo ya mkataba hayamalizwi kwa barua kama hii. Na ikiwa wakala wa Dubai ameshachukua pasipoti yako au ya rafiki yako, usingoje majibu ya mtu: nenda polisi leo, pamoja na mtu mzima unayemwamini, kisha uwaarifu NEA.

Chuo kisipojibu kabla ya mwisho wa mwezi, usilipe. Nafasi ya masomo itakuwepo muhula ujao.